Picha za Vita Alizotufasiria Bi Somoe

Wenzangu mliokulia Ngamiani, Tanga, miaka ile ya hamsini, mtanirekebisha nikikosea. Sinema ya wanawake ilikuwa Jumatano au Alhamisi? Mimi nashikilia Jumatano, kwa sababu siku hiyo mama alipika mapema, wali na mchuzi wa papa, bila mbwembwe, na baba akirudi kutoka bandarini anakuta sufuria zimefunikwa na nyumba haina mtu. Anajipakulia mwenyewe. Mji mzima wanaume walikula wali uliopoa siku hiyo, na hakuna aliyekufa.

Nyinyi vijana wa leo mkienda sinema mnakwenda kama mnakwenda dukani. Sisi tulikuwa tunajiandaa tangu asubuhi. Tunasukwa, tunapakwa mafuta ya nazi mpaka mashavu yanang'aa, tunafungiwa kashata na karanga kwenye pembe ya leso. Kisha tunatoka kwa makundi, mama na mashangazi na majirani ndani ya mabuibui, sisi watoto wa kike tumeshikwa mikono, tunazifuata zile barabara zenye namba badala ya majina. Mlangoni alikuwa amewekwa bibi mmoja wa kupokea tikiti, mwanamume haruhusiwi hata kuchungulia. Ukishaingia ndani, ukaya unafunuliwa na buibui linatelemshwa mabegani, na wale wanawake uliowaona njiani weusi watupu wote sawa, unawaona sasa wana vipini, wana vikuba vya asumini, wana vicheko. Harufu ya ukumbi ule ninayo mpaka leo puani: udi, tambuu, na mkojo wa watoto wachanga.

Mwanamume alikuwa mmoja tu, yule wa kuendesha mashine, naye kafungiwa kwenye kijumba chake huko juu. Tulimsahau mpaka picha ikatike. Ikikatika, anayoyapata hayaandikiki. Wake za watu wenye heshima zao, wengine waume zao wanasomesha dini, wakimpigia makelele kuliko wachuuzi wa samaki.

Picha za Kihindi tulikwenda kulia. Za Kimisri tulikwenda kutazama nguo. Lakini zilizoujaza ukumbi mpaka watu wakakaa chini ni picha za vita za kuchekesha, za Waingereza, zile ambazo hazikuwa na rangi wala nyimbo za maana. Kila moja ilikuwa ileile. Kuna sajini mnene mwenye masharubu, sisi tukamwita Bwana Tumbo. Kuna kuruta mwembamba suruali inamvuka, tukamwita Mashaka. Gwaride zima likigeuka kulia, Mashaka anageuka kushoto. Akipewa bunduki aisafishe inalia, na chungu cha uji wa kikosi kizima kinatoboka. Akiambiwa alinde mzinga anausogelea kuwashia sigara, na hema la mkubwa wao linapaa, mkubwa anabaki na chupi na kofia.

Tulikuwa tunacheka mpaka kamasi. Mimi nilidhani tunacheka kwa sababu mtu kaanguka. Baadaye sana, nikiwa mtu mzima, ndipo nilipoelewa mama zetu walikuwa wanacheka nini. Hawa ni wanawake waliopitia vita ile ya pili ya dunia. Waliona kaka zao wanapakiwa kwenye malori, walisimama juani kungoja nguo za kugawiwa, na askari akipita barabarani walikuwa wanaingia ndani na kufunga milango. Sasa wamekaa kitini, wanatafuna tambuu, na askari huyohuyo yuko mbele yao anateleza kwenye tope na kupigwa ndoo ya kichwa. Mama alikuwa akirudi nyumbani amechoka kwa kucheka, anasema, leo tumewalipa.

Sasa, lugha. Kimombo hakuna aliyekijua mle ndani, na hayo maandishi ya chini mnayoyasoma leo hayakuwapo, na yangekuwapo nani angeyasoma? Tulikuwa na Bi Somoe. Bi Somoe alikuwa mama wa makamo, mnene, sauti yake ukiisikia mwisho wa barabara ya kumi unadhani yuko chumbani kwako. Alikuwa amefanya kazi ya uyaya kwa Wazungu kule Raskazone, kwa hiyo mji mzima ulikubali kwamba Kimombo anakijua. Yeye alikaa katikati, safu ya mbele, na kiti chake hakikukaliwa na mtu. Bwana Tumbo akibwata, sisi tunangoja. Bi Somoe anatega sikio, anatikisa kichwa, anatangaza: anamwuliza, huko kwenu mlikuwa mnakula nini hata ukawa na miguu ya kuku hivyo. Ukumbi unaanguka. Mke wa mkubwa akimimina chai na kusema lake, Bi Somoe anasema, analalamika chai haina tangawizi. Sisi tunasema kweli, Wazungu hawajui chai.

Mtu asiniulize kama tulikuwa hatujui kwamba anaongeza chumvi. Tulijua na hatukujua. Tulitaka kucheka, na Bi Somoe alitupa cha kucheka. Shida ilikuja kwa sababu mle ndani siku moja alikaa mtu ambaye hakuja kucheka, naye ni shangazi yangu Mwanahawa.

Shangazi Mwanahawa, ndugu yake baba wa tumbo moja, aliolewa na mtu wa Mkwaja aitwaye Bakari, kuli wa bandarini. Vita ilipokuja Bakari akawa askari. Wengine walisema alijiandikisha mwenyewe, wengine walisema alikamatwa kwenye uwanja wa mpira, kila mtu ana lake. Walipelekwa Bama, yaani Burma, kupigana na Wajapani. Wenzake walirudi, yeye hakurudi. Mmoja alisema mara ya mwisho walimwona wakivuka mto. Mwingine akasema hapana, alikuwa hospitali ya Bara Hindi, anaumwa homa. Karatasi ya kusema kafa haikuja, na ya kusema yu hai haikuja. Mimi sikumjua, nilizaliwa yeye kashaondoka. Nilimjua kwa jambo moja tu. Nyumbani kwetu kila Alhamisi jioni ilisomwa hitima ya marehemu wetu, wanatajwa mmoja mmoja, babu fulani, bibi fulani, na mtu akitaka kulitaja jina la Bakari, shangazi alisema kwa upole kutoka nyuma ya pazia, "Huyo si maiti."

Alikuwa bado kijana, nasema sasa nikihesabu. Mrefu, mpole, mikono yake ikinuka iliki kwa sababu alikuwa anauza mkate wa kumimina. Na palikuwa na fundi cherehani mmoja, mjane, anashona barazani jirani na msikiti, mtu safi hana makuu, ambaye alimwendea baba kwa adabu zote akasema anamtaka. Baba alifurahi mpaka akakosa usingizi. Bibi, mama yao, ambaye kifua kilikuwa kinamsumbua, akawa kila siku anasema anataka kumwona Mwanahawa kwake kabla hajafumba macho. Lakini ataolewaje? Mke wa mtu aliyepotea si mjane wala si mtalaka, amening'inia. Wakaenda kwa kadhi. Kadhi akauliza, akasikiliza, akangoja apate habari, hakupata, mwishowe akahukumu: huyu ahesabiwe kafa, mkewe akae eda, akimaliza yuko huru.

Shangazi alilia, wakamsihi, bibi akakohoa mbele yake usiku na mchana, mwishowe akakubali. Nguo za eda zikashonwa, nyeupe, wazi, hazina hata ua. Na hapo ndipo mama na majirani walipopata wazo lao. Mwanamke akikaa eda hatoki, hajipambi, hatazami mambo ya anasa mpaka miezi minne na siku kumi ikatike. Basi wakasema, maskini Mwanahawa, atafungika muda wote huo, twende naye sinema Jumatano hii acheke kidogo kabla hajaingia ndani. Shangazi hakuwahi kuingia sinema maisha yake. Walimvuta kwa nguvu. Mimi nikapewa kazi ya kukaa naye na kumshika mkono.

Picha yenyewe ilikuwa ya Bwana Tumbo na Mashaka, wamepelekwa nchi ya joto, wanatokwa jasho. Na nyuma ya Bwana Tumbo, kwenye gwaride, wakatokea watu weusi. Askari weusi hasa, wa kwetu, wamevaa zile kofia nyekundu za shada, ingawa kwenye picha zilikuwa nyeusi kama kila kitu. Ukumbi ukapiga vigelegele. Watu wetu hao, watu wetu hao. Bwana Tumbo akawa anawakagua, akasimama mbele ya mmoja mrefu aliyekuwa mwisho wa mstari, kichwa kimelala upande kidogo. Bwana Tumbo akamwuliza kitu. Yule askari akajibu maneno mawili matatu, akatazama mbele, yaani akatutazama sisi. Halafu Mashaka akaanguka shimoni na picha ikaendelea.

Mkono wangu ulibanwa mpaka nikataka kulia. Bakari, kumbe, alikuwa na shingo ya upande. Magunia ya bandarini yalimfanya hivyo, miaka ya kubeba bega moja. Kila aliyemjua alimjua kwa shingo hiyo.

Na Bi Somoe, ambaye hakujua yote hayo, aliyetaka tu kuupa ukumbi raha yake kama kawaida, alikuwa ameshafasiri kwa sauti ile ya kuvunja vioo: anasema, nisalimieni Tanga, mwambieni mke wangu asiolewe, nakuja. Wanawake walicheka mpaka wengine wakapanda juu ya viti.

Tulipotoka nje, jua bado lipo, shangazi hakufuatana na wenzake. Alinivuta tukasimama pembeni mpaka Bi Somoe alipotoka, amezungukwa na watu wanamsifu. Shangazi akamwamkia, akamwuliza taratibu kama kweli yule askari amesema anakuja. Bi Somoe alikuwa mbele za watu, jina lake la Kimombo liko hatarini. Akasema ndiyo, kasema. Angefanyaje? Mtu kama yule, akiulizwa barabarani mbele ya mashabiki wake, aseme nilikuwa natania?

Basi. Shangazi alifika nyumbani akazikunja zile nguo nyeupe, akazitia chini kabisa ya sanduku. Eda hakai. Mume wake yu hai, kamwona kwa macho yake, kamsikia. Baba alipiga kelele, akasema ile ni picha, ni karatasi inayopita mbele ya taa, imepigwa miaka nenda rudi iliyopita, na yule ni mtu mwingine tu wa huko. Akaita watu waliomjua Bakari, wanawake waliokuwa mle ndani. Wawili wakasema anafanana, watatu wakasema hata kidogo. Shangazi alisikiliza wote, akarudi kwenye mikate yake. Fundi cherehani alingoja mwaka mzima, nasema haki yake, alingoja. Kisha akaoa mtoto wa Muheza. Siku ya harusi yake shangazi ndiye aliyepeleka mkate, akaurembesha kwa zabibu.

Bi Somoe habari zilimfika, mji wetu ule nani asingezipata. Siku moja alasiri akaja kwetu, kavaa buibui lake zuri, akakaa mkekani bila kutafuna tambuu, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Bibi alikuwa amelala upande wa pili anapumua kwa shida. Bi Somoe akasema mbele yetu sote.

"Mwanahawa, mimi Kimombo changu ni cha jikoni. Leta maji, funga mlango, mtoto analia. Zaidi ya hapo nabuni. Yule mtu sijui alisema nini. Nisamehe."

Mama aliinamisha kichwa. Mimi nilidhani sasa mambo yamekwisha, shangazi atalia, nguo zitatolewa sandukuni. Shangazi alikuwa anachambua mchele. Hakuinua hata uso.

"Kama Kimombo hukijui, Somoe, umejuaje kwamba hakusema?"

Jamani, mtu atajibu nini hapo? Bi Somoe akanyanyuka akaenda zake, na nakumbuka alisahau kuaga. Bibi alifariki mwezi wa mfungo uliofuata. Alifariki anamtazama shangazi, na sote tulijua anachokitaka, na shangazi naye alijua, na hakukitoa.

Picha zile zilikuwa zinazunguka, Mombasa, Tanga, Dar es Salaam, Unguja, kisha zinarudi zimechakaa, zinanyesha mistari. Ile ya askari weusi ilirudi baada ya muda mrefu, mimi tayari nimeanza Kimombo shuleni. Shangazi alipoliona tangazo alioga, akavaa leso mpya doti nzima, akajitia udi kama mtu anayekwenda kupokea mgeni. Baba alisema asiende. Alikwenda, na mimi nikaenda naye.

Nilijiapiza kwamba safari hii nitasikia mwenyewe. Bwana Tumbo akatokea, watu wakacheka. Mashaka akapoteza suruali, wakacheka. Gwaride likaja, na yule mrefu wa mwisho, shingo upande. Nikatega masikio yangu yote. Mashine inanguruma, watoto wanalia, mistari inanyesha, sauti ya askari ikatoka kama mtu anayesema ndani ya mtungi. Sikupata neno hata moja. Shangazi alikuwa ameshasimama.

Ukumbi ukangoja, kama ulivyozoea, umekaa tayari kucheka. Bi Somoe alichelewa. Kisha akasema, si kwa sauti yake ya siku zote, sauti ya chini kabisa, lakini kila mtu aliisikia.

"Anasema, Mwanahawa, mimi nimeshakufa. Nimekufa huku Bama, na nimezikwa, na watu wamenisalia. Usiningoje tena. Radhi yangu unayo."

Hakuna aliyecheka. Kwenye picha Mashaka alianguka shimoni kama kawaida, miguu juu, na wanawake wote wale wakamtazama kimya. Wengi mle walikuwa na Bakari wao, mume au kaka au mtoto, aliyekwenda bila kuaga. Nikasikia mmoja nyuma anaanza kulia, kisha mwingine. Yule wa mashine huko juu sijui alifikiri nini, ukumbi mzima unalia kwenye picha ya kuchekesha.

Shangazi alisema, "Nimesikia." Basi, hilo tu. Akajifunika ukaya, tukatoka.

Alifika nyumbani akafungua sanduku. Baba alimwuliza kadhi alisema hukutaka, mama yetu alikuomba hukutaka, leo imekuwaje? Akajibu, "Nimeruhusiwa na mwenyewe." Baba akaenda kumwuliza mwalimu wa chuo cha Kurani kama eda ya namna hiyo inasihi. Mwalimu akamwambia, mwanamke kakaa eda, wewe unatafuta nini tena. Alhamisi ile hitima iliposomwa, jina la Bakari bin Shehe wa Mkwaja likatajwa pamoja na wenzake, na nyuma ya pazia hakukutoka sauti.

Aliolewa? Hakuolewa. Fundi alikuwa na mkewe na mtoto kashazaliwa, na wengine hawakuja. Muda ulikuwa umeshampita, na mwenyewe hakumlaumu mtu. Alipotoka eda alimfuata Bi Somoe nyumbani kwake, wakakaa ndani peke yao mpaka magharibi, na walilosema hawakumwambia mtu. Toka hapo wakawa wanakaa pamoja safu ya mbele. Huko ndiko nilikomwona shangazi yangu akicheka kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Bwana Tumbo alikuwa amekaa juu ya keki ya mkubwa wake. Shangazi alicheka akajishika mbavu, akacheka mpaka ukaya ukalowa, na mimi nikashindwa kujua ni machozi ya aina gani.

Siku hizi mjukuu wangu ananionea huruma, ananitafutia picha hizo kwenye simu. Anasema, Bibi, ziko zote, zimehifadhiwa huko Ulaya, unachagua tu. Ananiwekea, ananitia vidude masikioni, maneno yanapita chini yamefasiriwa barabara, hakuna kilichobuniwa. Naye amejiziba masikio yake, anatazama yake peke yake kwenye kona, anatabasamu na kioo cha simu. Nikasoma yale maneno mpaka mwisho. Sajini anasema simameni sawa. Mke wa mkubwa anasema leo kuna joto. Mjukuu akaniuliza, mbona hucheki, si ulisema zinachekesha?

Nilimwambia zimeharibika. Akasema haziwezi kuharibika, sasa ni safi kuliko zamani. Sikubishana naye, mtoto mwenyewe mwema. Lakini picha tuliyoiona sisi pale haipo Ulaya wala haipo popote. Mle ndimo Bakari alimoagana na mkewe, na hawakuagana kwingine. Bi Somoe tulimzika, shangazi tulimzika, mama na majirani wote wa safu ile wamekwenda. Aliyesikia amebaki mmoja, na yeye sasa ukimwita lazima umwite mara mbili.